Mwanangu anavuka bahari na boti ya tanga, maisha ya humo ndani yakoje?

MamaRehema_Nkuhungu
Habari zenu wanajukwaa. Niko Dodoma, bahari naijua ya Dar tu, ya kuitazama nikiwa kwenye kivuko cha Kigamboni. Mwanangu wa pili ni mpishi, alikuwa hotelini Zanzibar. Amepata kazi kwa mzee mmoja na mkewe wenye yoti ya futi 45. Watatoka Cape Town kwenda kisiwa cha Saint Helena, kisha Brazil. Watakuwa wanne. Yeye anafurahi, mimi silali. Aliyewahi kusafiri hivyo anieleze: usiku wanatia nanga wapi? Anapika vipi boti ikiyumba? Maji je? Baba yake anasema nimwache, ni mtu mzima. Sijamkataza, ila nataka kujua anakokwenda.

Tezi_na_Omo
Shikamoo mama. Nipo hapa hapa Dodoma, Kisasa, ila nimefanya kazi kwenye boti za namna hiyo na njia hiyo nimeipita. Mpaka Saint Helena ni kama maili za baharini 1,700. Boti ya ukubwa huo hukimbia fundo 5 au 6, yaani maili za baharini 5 au 6 kwa saa, kwa hiyo weka wiki mbili hivi bila kuona nchi kavu.

Nanga haitiwi, mama. Kina ni maelfu ya mita, mnyororo haufiki chini. Boti inatembea usiku na mchana, na maisha yote yanafuata zamu. Mkiwa wanne, mara nyingi mtu anakaa zamu kwa muda wa saa tatu, anapumzika kwa muda wa saa tisa, anarudi. Usukani unashikwa na mashine. Mwenye zamu kazi yake ni macho. Upepo umegeuka? Tanga linapigapiga? Kuna taa ya meli? Meli kubwa ikichomoza sasa hivi kwenye upeo, robo saa tu inaweza kuwa imewafikia, kwa hiyo hakuna kusinzia. Zamu ya alfajiri niliipenda kuliko zote. Kukipambazuka unazunguka staha unaokota samaki wa kuruka waliodondoka usiku, wanaingia kikaangoni wabichi kabisa.

Jiko lake limening'inizwa, boti ikilala upande lenyewe linabaki sawa, na sufuria zinabanwa kwa vyuma. Mpishi anajifunga mkanda kiunoni ili mikono yote ibaki huru. Mwambie asipike kifua wazi hata kukiwa na joto, maana maji yanayochemka ndiyo adui wa mpishi baharini. Siku mbili tatu za mwanzo huenda akatapika. Chakula cha siku hizo akipike bandarini kabisa, kiwe cha kupasha tu. Na abebe sweta: mkondo wa Benguela, yaani maji ya bahari yanayopita pwani ya huko, ni wa baridi, usiku wa mwanzo unachoma kuliko upepo wetu wa Juni. Joto linakuja mbele.

Maji ya tangi ni ya kunywa na kupikia. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya bahari, mwili vilevile, kisha unajisuuza na kikombe kimoja cha maji ya tangi ili chumvi isikutoe vidonda. Mtoto aliyelelewa Dodoma kwa maji ya ndoo hilo halimshindi.

Sasa mama, jambo la kusimamia ni hili. Hatari kubwa ni mtu kuanguka majini usiku. Mpaka tanga zishushwe na boti igeuzwe, kichwa hakionekani tena kati ya mawimbi. Muulize kama ana mkanda wake mwenyewe wa kujifunga kwenye boti, na kama wamekubaliana kwamba usiku hakuna anayekwenda omo, yaani mbele ya boti, peke yake wakati wenzake wamelala. Mwenye boti akijibu kwa kuzungukazunguka, asipande.

Mzabibu_Hombolo
Mama Rehema, mfungie mlenda mkavu na karanga. Mboga za majani hazitafika wiki ya pili. Na asali ya Singida kidogo kwa kifua.

Tezi_na_Omo
Mlenda mkavu sawa kabisa, ila auonyeshe kwa wakaguzi wakifika. Asali hapana, ndugu yangu. Saint Helena hawaruhusu kuingiza asali, wanalinda nyuki wao na magonjwa. Kabichi, vitunguu na maboga vinadumu. Mayai atafute ambayo hayajaoshwa wala kuwekwa kwenye friji, awe anayageuza kila baada ya siku chache. Maboksi yaachwe bandarini, mayai ya mende hujificha humo.

MamaRehema_Nkuhungu
Mungu awabariki. Nimempigia sasa hivi. Mkanda anao, una kamba moja. Makubaliano ya usiku yapo. Simu je, nitampata?

Tezi_na_Omo
Simu ya kawaida itakata mapema, wakiacha pwani tu. Wengi wana kifaa cha setilaiti kinachoonyesha boti ilipo kwenye ramani; omba kiungo chake na namba ya ndugu yao wa nchi kavu. Alama ikikaa saa kadhaa bila kusogea usianze kulia, vifaa hivyo hukwama. Mpigie huyo ndugu kwanza.

Hiyo kamba moja aibadilishe kabla hawajaondoka. Aombe yenye ndoano mbili za kujifungia: akitembea kwenye staha anafunga ya pili ndipo anafungua ya kwanza. Zinauzwa hapo Cape Town, na gharama ni ya mwenye boti.