Baba uliyepata mtoto, siku zako tatu za likizo ya uzazi ulizipataje? Tupeane uzoefu

Wagosi, wanaume wenzangu wa Tanga, salaam. Binti yangu leo ana wiki mbili. Mama yake alijifungua kwa upasuaji, na siku ile ile nilikwenda kuomba ruhusa. Msimamizi akaniuliza mbele ya watu, "Kwani umezaa wewe?" Nikaambiwa nikitaka nikatwe kwenye likizo ya mwaka. Nikakubali kwa kutojua, na mpaka leo inaniuma.

Baadaye nimesoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 34. Baba ana siku tatu za likizo yenye malipo, sharti azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mwajiri anaweza kudai uthibitisho, lakini kukukata kwenye likizo ya mwaka si haki yake. Ninyi ilikuwaje?

Wa Pongwe
Hongera sana mgosi, Mungu amkuze. Mimi niliandika barua mke akiwa na miezi minane, nikaacha nafasi ya tarehe. Alipojifungua nikapeleka nakala ya tangazo la kizazi, ile karatasi ya kuonyesha mtoto amezaliwa, nikasainiwa siku hiyo hiyo. Usiombe kwa mdomo. Maneno ya mdomo bosi huyasahau.

Baba Pacha, Makorora
Wangu wa kwanza nilipewa vizuri tu. Pacha walipokuja mwaka uliofuata nikanyimwa, nikawaka, nikaenda kwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Akanifungulia sheria: siku hizo tatu ni za mzunguko mzima wa likizo, miezi 36, hata wakizaliwa watoto wangapi. Mama wa pacha anapata siku 100 badala ya 84, baba haongezewi hata moja. Niliumia sana. Nani alilala macho na mmoja wakati mama anamnyonyesha mwingine?

Mkata Mkonge
Sisi wafanyakazi wa msimu tukiomba tunaambiwa hamjafikisha miezi sita kazini. Mke wangu alitolewa wodini na jirani, mimi niko shambani.

Wa Pongwe
Mkata Mkonge, hapo wamekuficha. Kweli mwenye chini ya miezi sita hapati likizo ya malipo, ila sheria imewatoa wa msimu kwenye kizuizi hicho. Na hata asiye wa msimu, akiitwa na mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja kwa mwaka, vipindi vikijumlishwa vikapita miezi sita, anapata. Tunza karatasi zako zote za malipo, kisha uende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanaosikiliza migogoro ya kazi.

Mama Wawili
Shemeji zangu, naongea kama mzazi. Nilipasuliwa, siwezi kuinuka, mama yangu yuko Lushoto. Siku zile tatu mume wangu ndiye aliyenishika mkono kwenda chooni, akafua nguo za mtoto, akakoroga uji. Siku ya nne akarudi kazini na mimi nikalia. Anayesema baba hana kazi wodini hajawahi kulala humo.