MJADALA: Majengo ya vilimani Mwanza yavikwe vioo au yajengwe kwa mawe yetu?

Jabali_Kuu: Hoja yangu: majabali yasipasuliwe ili kupata kiwanja tambarare cha jengo la vioo vya bluu. Sura ya Mwanza ni Jiwe la Bismarck, lile jabali la ziwani, na nyumba zilizojibana katikati ya majabali. Tujenge kwa mawe.

Mwashi_Igoma: Mkuu, nakuunga mkono nusu. Kinachovuta jicho ni kivuli. Tuko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri linakaribia utosi. Dirisha likikaa usawa wa plasta, ukuta unaonekana bapa hata ukiwa mpya. Lirudishe ndani sentimita 20. Juu yake toa bapa la zege la sentimita 60: kwenye ukuta unaotazama jua, kivuli cha adhuhuri kinashuka zaidi ya mita 1. Chini ya bapa hilo acha kijifereji cha sentimita 1, karibu na ukingo, maji yadondokee hapo. Ukikisahau, maji yanarudi ukutani na kuacha michirizi myeusi.

Na mawe yanaharibiwa sana! Udongo wa saruji wa kwenye maungio ya mawe unainuliwa juu ya jiwe, unapakwa rangi nyeupe, jicho linaona wavu tu. Uingize ndani sentimita 1 hadi 2. Vipande vya mawe vya kubandika ukutani vifungwe kwa waya, maana granaiti hainywi maji na saruji haiishiki vizuri.

Nyegezi_Juu: Ndugu zangu, nafasi je? Chumba cha mita 3.6 kwa 3.6 kwa nje, kuta za tofali za sentimita 15 zinakuachia mita za mraba 10.9. Kuta za mawe za sentimita 40 zinakuachia 7.8. Kwa kiwanja cha Igogo hiyo ni hasara kubwa. Halafu daraja la Kigongo–Busisi linalovuka Ziwa Victoria, takribani kilomita 3 za zege na kebo, limefunguliwa Juni 2025. Halina sura ya jiwe na linapendeza mno.

Jabali_Kuu: Linapendeza kwa sababu unaona mzigo unavyopita kwenye kebo, nguzo, mpaka ziwani. Vioo vinaficha hilo. Kuhusu nafasi umenishinda, hivyo narekebisha: mawe yaishie usawa wa vizingiti vya chini vya madirisha, juu yake tofali.

Mwashi_Igoma: Ongeza na hili: jabali lililoungana na mwamba liachwe, lililokalia udongo likaguliwe kwanza. Mvua ikila udongo wa chini yake, linabingirika.