Tupeane uzoefu: Wahadhiri, ni mafunzo gani ya ufundishaji yaliyobadilisha darasa lako kweli?

MhadhiriNjoro
Habari zenu wadau. Uzi huu ni wa wanaofundisha vyuo vikuu, hasa wa huku kwetu Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bondo na Bungoma. Wa kwingine hawafukuzwi.

Hapa Kenya mwalimu wa sekondari hasajiliwi na TSC, tume ya walimu, kabla hajasomea ualimu. Sisi wengi tulitetea tasnifu leo, kesho tukakabidhiwa yuniti tatu na ratiba. Hapo unafundisha ulivyofundishwa: unaingia, unasoma noti, wanaandika, unatoka.

Siku hizi mialiko ya semina za kusanifu kozi imejaa kwenye baruapepe, na haraka hiyo ina sababu. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi (CBC), unaojali mwanafunzi anaweza kufanya nini, liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na mambo yakienda yalivyopangwa watabisha hodi kwetu 2029.

Nina ombi moja. Usituambie semina ilikuwa nzuri, tuambie uliporudi darasani ulifanya nini tofauti. Chai na mandazi hatuhesabu.

NyarKisumu
Asante mwalimu kwa kufungua uzi. Mimi ni wa fizikia. Mafunzo yaliyonibadilisha hayakuwa na slaidi hata moja. Tuligawanywa vikundi vya watu watano watano, kutoka idara tofauti makusudi, na kila mmoja akapewa dakika kumi kufundisha wenzake kitu chochote huku anarekodiwa. Ukimaliza, wenzako hawaruhusiwi kusema "ulifundisha vizuri". Wanasema walichopata na mahali walipopotea, kisha unatazama video yako mwenyewe. Mtindo huu ulianzia British Columbia, Kanada, mwishoni mwa miaka ya 1970, na hauhitaji vifaa zaidi ya simu na watu wasioogopana.

Kwenye kikundi chetu kulikuwa na profesa wa siku nyingi, mzee wa heshima zake, akitufundisha namna ya kusoma mkataba wa ardhi. Anajua kazi yake hadi mwisho. Tulipocheza video, tukamwona anauliza, "Mmeelewa?" na kabla hata mtu hajainua kichwa anajijibu, "Haya, tuendelee." Tena na tena. Alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Akasema, "Kumbe miaka yote hii nilikuwa nazungumza na ubao."

Mwezeshaji akatueleza kazi ya Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyechunguza jambo hili miaka ya 1970. Aligundua kwamba walimu huuliza swali na kungoja jibu kwa sekunde moja hivi tu. Wakingoja sekunde tatu na kuendelea, majibu yanarefuka na hata wale wa kukaa kimya wanaanza kujibu. Sasa mimi nikiuliza, nafunga mdomo na kutazama dirishani. Mwanzoni darasa lilidhani nimeudhika.

Kalamu_Kavu
Hongereni nyie wenye vikundi vya watano. Mimi nina watu mia nne kwenye ukumbi usio na kipaza sauti, nusu wamesimama mlangoni, mvua ikinyesha juu ya mabati ndiyo kwaheri. Semina niliyohudhuria, mwezeshaji alitusomea slaidi mchana kutwa kuhusu ubaya wa kusomea watu slaidi. Tukapewa ile orodha ya vitenzi vya Bloom, ya kuandikia malengo ya somo: eleza, changanua, tathmini. Ni ya 1956, ikakarabatiwa 2001, na sisi tukaambiwa ndiyo habari mpya. Cheti ninacho, kiko kwenye faili la kuombea cheo. Sioni kingine kilichobadilika.

NyarKisumu
Ndugu Kalamu, nacheka lakini nakuelewa. Jaribu kitu kimoja kwa hao mia nne. Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, alianza kukitumia 1991. Katikati ya mhadhara unaweka swali moja la kufikirisha lenye majibu manne. Kila mtu anaamua peke yake na kuonyesha vidole, kimoja hadi vinne, akiviweka kifuani ili jirani asimwige. Unapitisha macho. Wakipata wengi mno, songa mbele. Wakipata wachache sana, yaani chini ya thelathini kwa mia hivi, rudia kufafanua. Wakiwa hapo katikati, waambie kila mmoja amgeukie jirani aliye na jibu tofauti ajaribu kumshawishi, kisha vidole tena. Harvard walikuja kuwa na vifaa vya kubonyeza, huku vidole vinatosha na havili bando.

Kelele zitakuwepo. Mhadhiri wa darasa la pili atakuja kuchungulia.

Shamba_Molo
Mimi ni wa kilimo, nafundisha rutuba ya udongo. Yangu ni upande wa kusanifu kozi.

Silabasi niliyorithi ilikuwa orodha ya mada, kuanzia miamba hadi mbolea, kila wiki na mada yake. Kwenye warsha tulikatazwa kufungua silabasi. Tukaulizwa: mwanafunzi wako akikutana na mkulima mwaka mmoja baada ya kuhitimu, unataka aweze kufanya nini? Nikaandika: apewe karatasi ya vipimo vya maabara, amwambie mkulima afanye nini msimu ujao. Basi. Swali la pili likaja: mtihani wako unapima hilo? Mtihani ulikuwa "Eleza aina tano za udongo". Ndicho John Biggs, mtaalamu wa elimu, alichokuwa akisisitiza tangu 1996: lengo, kazi za darasani na mtihani vivute upande mmoja.

Sasa tunaanza na karatasi. Wiki ya kwanza kabisa kila kikundi kinapewa vipimo vya shamba: pH (kipimo cha asidi) 4.9, fosforasi kidogo, mkulima ametia mbolea ya DAP kila msimu na mahindi bado ni ya manjano. Wanabishana. Wengi wanasema aongeze DAP. Ndipo tunaingia kwenye kemia, maana sasa wana sababu ya kuitaka: pH ikishuka chini ya 5.5 alumini inaanza kuyeyuka na kuumiza mizizi, fosforasi inafungwa, na DAP yenyewe inazidi kuutia udongo asidi. Mwishoni wanapiga hesabu ya chokaa, ile inayotoka Koru, na gharama ya kuisafirisha hadi kwa mkulima. Mwanafunzi mmoja aliniuliza mbona chokaa iko karibu hivyo na watu hawaitumii. Swali hilo halikuwa kwenye silabasi na lilitula saa nzima.

Bei yake ni hii: mada zingine lazima zitoke. Hapo ndipo moto unawaka, kwa sababu kila mada ina mwenyewe. Kubadilisha silabasi rasmi kunapitia idara, kitivo, hadi seneti. Lakini namna ya kuuliza mtihani na kazi za CAT, yaani majaribio ya katikati ya muhula, ni yako, ilimradi mtahini wa nje aone mwongozo wa kusahihisha. Anzia hapo.

Mama_Wadi
Uuguzi, Kakamega. Sisi hili tunalo zamani. Ronald Harden wa Dundee aliandika 1975 kuhusu mtihani wa vituo: mwanafunzi anazunguka, hapa anapima presha, kule anazungumza na mgonjwa wa kuigiza, kila kituo kina mtahini na orodha yake ya kukagua. Anayejua kuandika tu hapiti. Wa vitivo vingine njooni mtazame, hatulipishi.

Saa_Kwa_Saa
Naomba niseme la sisi wa kulipwa kwa saa. Mimi nafundisha vyuo viwili, matatu ikinisubiri kati yake. Warsha zote nimezisikia kwa wenye ajira ya kudumu, barua za mwaliko hazitufikii, na hata zikitufikia siku hiyo hailipwi. Na madarasa mengi ya mwaka wa kwanza tunayashika sisi. Kama mnataka ufundishaji ubadilike, muanzie huko.

MhadhiriNjoro
Hilo ni kweli tupu. Ningeliweka juu kabisa ya uzi kama ningeweza.

Kijana_wa_Bondo
Shikamooni walimu. Nilihitimu juzi, naomba niingilie. Mhadhiri wetu mmoja alibadilisha mtihani ghafla, maswali ya zamani tuliyonunua pale kwa fotokopi hayakufaa kitu. Tuliandikia mkuu wa idara barua. Kusoma tulisoma, lakini hakuna aliyetuambia mapema tutapimwa vipi.

Shamba_Molo
Marahaba kijana. Barua kama hiyo nami niliipata. Sasa mwongozo wa kusahihisha nautoa wiki ya pili, na CAT ya kwanza ni ya sura ileile ya mtihani.

Kalamu_Kavu
Sawa, hivyo vidole nitavijaribu. Darasa langu ni Alhamisi saa nane mchana, Kisumu. NyarKisumu, kama una nafasi njoo ukae safu ya mwisho, uniambie kwanza kama sauti inafika. Saa_Kwa_Saa naye akiweza, nauli ni juu yangu.

Saa_Kwa_Saa
Alhamisi niko Maseno mpaka saa saba. Nikipata gari nitafika.