Mjadala: Je, sifa za kuamrishwa zinaweza kuwa sifa za moyoni?

Wapendwa, salaam. Nina hoja iliyonikaa kifuani muda mrefu, naomba tuijadili kwa upole maana najua itawagusa wengi.

Juzi nilibishana na ndugu mmoja wa huduma ya uimbaji. Yeye anashikilia kwamba sifa za kweli lazima zionekane. Aliyeguswa na Mungu hasimami kama mti; Daudi alicheza mbele ya sanduku la Bwana kwa nguvu zake zote, na mkewe Mikali aliyemdharau kutoka dirishani ndiye aliyekosea. Kwa hiyo kiongozi wa sifa ana haki ya kuwaambia watu wainue mikono, wapaze sauti, waruke, na asiyefanya hivyo ana shida rohoni. Mwingine aliyekuwa akitusikiliza akaja na la kwake: kama husikii kitu ndani, funga mdomo, usiwe mnafiki mbele za Mungu.

Mimi nawapinga wote wawili.

Nimeimba kwenye timu ya sifa miaka mingi. Kwenye mazoezi tulikuwa na karatasi ya mtiririko wa nyimbo, na pembeni mwa ubeti fulani tuliandika kwa kalamu: "hapa ngoma kimya, mikono juu." Jumapili ngoma zinanyamaza, kinanda kinashikilia sauti moja ndefu, mwimbishaji anashusha sauti yake, na kweli mikono inapanda kanisa zima. Sisemi Mungu hakuwepo. Wako waliokuwa wakilia machozi ya kweli, niliwaona. Lakini ile mikono tulishaipanga tangu Alhamisi. Tukiifanya kuwa kipimo cha moyo wa mtu, tunapima nini hasa?

Halafu mwaka niliofiwa na mama, nilikuwa nimeketi huku chini na waumini wengine. Wakati wa sifa nilisimama nimeshika mgongo wa benchi la mbele, naimba neno moja moja, polepole, kila neno nikilimaanisha, maana hayo ndiyo yaliyokuwa yamenibakia. Kiongozi akashuka na maiki, akasimama karibu nami, akasema kuna watu wamekuja na roho ya uzito, wajitikise. Niliinua mikono. Siku ile nzima sikudanganya mahali pengine popote.

Ndugu yangu anamtaja Mikali, na ni sawa. Ila asimsahau kuhani Eli. Hana aliomba hekaluni, midomo ikicheza na sauti haisikiki, Eli akamdhania amelewa (1 Samweli 1). Mikali aliona mwili unaocheza akasoma utovu wa heshima; Eli aliona mwili uliotulia akasoma ulevi. Wote wawili walisoma moyo kwa kuangalia nje, na wote wawili walikosea.

Huyu wa pili ananipa kazi zaidi, kwa sababu maneno yake yanafanana na ukweli. Anasimama juu ya Isaya 29:13, andiko ambalo Yesu alilirudia: watu wanaoheshimu kwa midomo huku mioyo iko mbali. Lakini mbali kwa namna gani? Soma Amosi 5. Mungu anasema aondolewe kelele za nyimbo zao, na sababu anayoitoa si kwamba waliimba bila msisimko. Walikuwa wakiwakanyaga maskini na kupokea rushwa, kisha wanakuja kuimba. Unafiki anaoukataa ni wa maisha yanayopingana na wimbo. Mtu aliyechoka, aliyekauka, anayeimba huku hasikii kitu lakini anataka kumpa Mungu heshima yake, huyo hayumo katika lile karipio.

Daudi mwenyewe katika Zaburi 103 anaisemesha nafsi yake: "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana." Anaiamrisha! Nafsi ingekuwa tayari imewaka, angeihimiza ya nini? Na Waebrania 13:15 inaita sifa dhabihu. Dhabihu inagharimu. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane wakiwa na majeraha ya fimbo na miguu imefungwa kwenye mkatale, na sidhani kuna aliyewapigia kinanda kwanza.

Tena, ukiifuata hoja ya "moyo tu" hadi mwisho, historia imeshatuonyesha inakofika. Zwingli, mwanamatengenezo wa kanisa huko Uswisi na mwanamuziki hodari, alisoma "mkiimba mioyoni mwenu" akaona sauti haihitajiki. Makanisa ya mji wa Zürich yakakaa bila kuimba hadi 1598. Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, alikuwa na hofu kama hiyo. Alikiri kwamba mara nyingine uimbaji wenyewe ulimgusa kuliko maneno yaliyoimbwa, akaona ni dhambi. Hata hivyo hakutaka nyimbo zitolewe kanisani, maana alikumbuka alivyolia akizisikia siku za mwanzo za imani yake. Benedikto, aliyeandika kanuni ya maisha ya watawa, akawaagiza watawa wake waimbe zaburi kwa namna ambayo akili itapatana na sauti. Kwangu hilo ndilo linalowezekana: hisia siwezi kuziita zikaja, lakini maana ya neno ninaloimba naweza kuikubali.

Kwa hiyo kiongozi atualike, atukumbushe Mungu ametenda nini, atuchagulie nyimbo zenye maneno ya kumeza. Kuwakagua watu aache.

Waimbishaji mliopo hapa, nijibuni kwa uwazi: ukimwona mtu mstari wa tatu mikono yake iko chini, unafikiria nini, na unafanya nini? Na ninyi mliowahi kunyamaza kabisa wakati wa sifa kwa kuogopa unafiki, je, kule kunyamaza kuliwasogeza karibu na Mungu?