Tupeane uzoefu: vitabu vya Diana Wynne Jones vilikufikiaje?

Wakuu, nimemaliza kusoma habari za maisha ya huyu mama, mwandishi Mwingereza wa hadithi za kichawi za watoto, na bado nina hasira na baba yake. Diana alizaliwa London mwaka 1934, mkubwa kati ya mabinti watatu. Wazazi waliendesha kituo cha mikutano ya vijana kule Thaxted, Essex, na mabinti wao wakalazwa kwenye kibanda cha pembeni, baridi tupu. Vitabu? Baba alinunua seti nzima ya vitabu vya Arthur Ransome, mwandishi wa watoto, akaifungia kabatini, halafu kila Krismasi anatoa kimoja, wagawane wote watatu! (Huyo Ransome mwenyewe, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alikuja kulalamikia kelele za watoto waliokimbizwa vita na kuhamishiwa jirani yake. Diana alikuwa mmoja wao.) Ndipo akaanza kuwaandikia wadogo zake hadithi kwenye madaftari na kuwasomea usiku.

Kwetu pia hakukuwa na vitabu vya hadithi. Nilikuwa namtungia mdogo wangu ili alale, na alikuwa mkali: ukirudia ya jana anakataa. Nilipoisoma hadithi yake Charmed Life ukubwani nikaona kabisa kwamba mwandishi huyu alilelewa na wasikilizaji wa aina hiyo. Haya, leteni zenu.

Mama Kalamu: Mkuu, mimi alinifikia nikiwa na watoto wadogo, naandika wakisinzia, wakiamka nafunga daftari. Yeye aliolewa 1956, akapata wavulana watatu, na kitabu chake cha kwanza cha watoto, Wilkins' Tooth, kilitoka 1973, umri unakaribia 40. Charmed Life ikafuata 1977, mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya gazeti la Guardian ya vitabu vya watoto. Wanaosema alichelewa wananichosha. Alikuwa anawasomea wanawe vitabu vya wengine na kuona wapi wanapiga miayo. Shule gani inazidi hiyo?

Mpita Njia: Mimi niliingilia kwenye filamu ya katuni ya Mjapani Hayao Miyazaki, ya 2004, iliyotokana na kitabu chake. Nikatafuta kitabu, Howl's Moving Castle (yaani Ngome Inayotembea ya Howl) cha 1986, nikitegemea ndege za kivita kama za kwenye filamu. Wapi! Nikakuta Sophie, binti mkubwa kati ya watatu (mnaona?), aliyekubali kwamba mkubwa hana bahati kwenye ngano, na Howl, mchawi mtanashati ambaye kumbe ni Howell Jenkins wa Wales, ana dada anayemgombeza na mpwa anayecheza gemu za kompyuta. Kurasa za mwanzo nilinuna. Sasa nakipenda kuliko filamu, nipigeni mawe.

Mleta mada: Hupigwi mawe hapa, ndugu. Wazo la ngome inayotembea alipewa na mtoto kwenye shule aliyoitembelea. Akaliandika jina la mtoto, akaliweka mahali salama mno, hakuliona tena! Ameyasema mwenyewe mwanzoni mwa kitabu.

Mwalimu wa Zamu: Hicho kisa nilikisimulia darasani, kisha nikasema kila mtoto ataje jina la kitabu kisichokuwepo, jirani yake akiandike. Binti mmoja alitoa "Mlango Unaopiga Chafya". Jirani akaubomoa mlango kwenye aya ya kwanza. Binti akadai jina lake lirudishwe, tukakaa kesi kipindi kizima. Insha nzuri kuliko zote za muhula ilitoka kwenye ugomvi ule, maana aliamua kuandika mwenyewe.

Dada wa Pili: Hakuna aliyeigusa hadithi yake The Islands of Chaldea? Diana alifariki 2011 hajaimaliza, ikamaliziwa na mdogo wake Ursula, yule yule aliyekuwa akisomewa madaftari usiku, ikatoka 2014. Mimi na dada yangu tuliisoma tukitafuta palipoungwa. Yeye anashikilia sehemu moja, mimi nyingine, na hatujapatana mpaka leo. Aliyeisoma atuamulie, ila asifichue mwisho, mama yetu ndiyo kwanza yuko katikati.