Nairobi–New York bila kutua: tupeane uzoefu

Mkwe Mtiifu: Wakuu, salaam. Mama mkwe anakwenda New York mwezi wa kwanza kumwona mjukuu. Tiketi inasema anaondoka Nairobi saa 5:30 usiku, anatua JFK saa 12:30 asubuhi. Kashajipigia hesabu: "Masaa saba tu, hata basi la Mwanza linazidi." Sijapata moyo wa kumwambia kwamba majira hayo Nairobi iko mbele kwa masaa nane, kwa hiyo ni 15. Mliopita njia hiyo, leteni habari.

Kiti cha Dirishani: Nimepita Januari. Ni kilomita kama 11,800, lakini kilichonimaliza ni giza. Mnaelekea magharibi, mnaukimbiza usiku. Nimelala, nimeamka, nimekula, nimelala tena, nafungua dirisha: giza. Tumetua bado giza. Mzee mmoja jirani yangu alikuwa anaisubiri Alfajiri tangu tukiwa juu ya Sahara, ikamkuta foleni ya uhamiaji.

Mama Pacha: Kurudi ni nafuu, kama 14, kwa sababu upepo wa juu unavuma kutoka magharibi na unaisukuma ndege. Tuliondoka mchana, jua likazama upesi kama limefukuzwa. Mwambie mama achukue kiti cha korido, asimame kila baada ya masaa mawili. Mimi nilibanwa katikati, nikaona aibu kuwaamsha watu. Nilitua viatu haviingii.

Wa Temeke: Zamani hakukuwa na anasa hiyo. Kenya Airways walianza safari hii Oktoba 2018. Mimi bado napita Doha: karibu sita kutoka Dar, halafu 14 hivi mpaka JFK. Kwenye ramani unazunguka kweli, ila katikati unanyoosha mgongo. Mara moja ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili ikaniacha, nikalala kwenye viti vya chuma na koti la mtoto kama mto. Tangu hapo sikubali kuunganisha chini ya masaa matatu.

Saa Sita Usiku: Nyie mnaongelea kuchelewa kwa ndege. Mimi tiketi ilisema tarehe 15, saa 00:40. Nikaenda tarehe 15 usiku, nimevaa suti, nimesindikizwa na ukoo mzima. Ndege ilikuwa imeondoka usiku wa kuamkia siku hiyo. Dada wa kaunta aliniangalia kwa huruma, shangazi akaanza kulia.

Kiti cha Dirishani: 😂😂 Suti tena!

Mkwe Mtiifu: Nimemsomea mama yote. La masaa 15 kalipokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Kauliza kitu kimoja: dagaa wa kukaanga wanapita? Nimemwambia tuanze kwanza na soksi za kubana.