Naomba ushauri: kaka yangu ana ependimoma ya uti wa mgongo
Habari zenu ndugu zangu. Kaka yangu, miaka 38, alianza na ganzi miguuni, tukadhani ni maumivu ya mgongo tu. Kipimo cha picha cha MRI kikaonyesha uvimbe ndani ya uti wa mgongo, na majibu ya maabara yakasema ni ependimoma daraja la 3 (yaani aina inayokua haraka), saratani adimu. Amefanyiwa upasuaji, ila kipande kimebaki kwa kuwa kimeshikana na neva, na sasa ameandikiwa mionzi. Ninachohofia zaidi ni miguu yake, bado hasimami mwenyewe. Mliopitia hali hii, nguvu zilirudi? Mazoezi ya viungo mlianza lini? Na je, mlipimwa ubongo pamoja na maji ya uti wa mgongo kuona kama seli zimesambaa? Sisi kipimo hicho hatujaambiwa. Nisaidieni jamani, silali.